Akina Kemuma Ndani ya Mashine

Nairobi, 4 Februari 1973

Mpendwa Mellen,

Pole kwa kimya changu. Si kwamba nimekuwa mtu wa Nairobi, kama najua utakavyoanza kusema. Nimepewa kazi ambayo imenikalia kichwani hadi nasahau chakula cha mchana, na wewe unanijua mimi na chakula.

Kampuni yetu ya kompyuta imechukua kazi ya shamba lenu la chai la Chemoiben. Kuanzia Aprili, ile karatasi ambayo Kipsang, mpimaji wa chai, husomea majina jioni kwenye mizani itachapwa huku kwetu na kutumwa Kericho kwa basi. Bwana Lovell, mkubwa wetu, aliuliza nani analijua shamba hilo. Niliinua mkono kabla sijafikiri.

Sasa sikiliza shida yangu. Mashine yenyewe inajaza chumba kikubwa kuliko ofisi yenu nzima, lakini kumbukumbu yake ni ndogo ajabu. Majina yote yanatakiwa yawe ndani kwa pamoja, kwa sababu kadi za mizani zinafika zimechanganyika. Nimeyapanga kama nyumba za laini za wafanyakazi hapo nilikokulia, kila familia chumba kimoja, wawe wawili au wawe tisa. Kila jina nimelipa sanduku la ukubwa uleule, la kutosha jina refu kuliko yote. Chepkosgei anaenea vizuri. Owino anaingia kwenye sanduku hilohilo, anachukua nusu, na nusu iliyobaki hakuna anayeitumia. Nimefika katikati ya orodha na mashine imejaa pomoni.

Bwana Lovell anasema tuachane na majina. Kila mfanyakazi ana nambari kwenye kibati chake, kwa hiyo karatasi iwe na nambari tupu na Kipsang aite nambari. Amenipa hadi mwisho wa Machi nimwonyeshe njia nyingine, la sivyo ni hivyo.

Wewe uko hapo ofisini na unawaona kila siku. Je, watu wa mizani watajali? Niambie kweli, nisije nikajiumiza bure.

Wako,
Jerusa Ogola


Shamba la Chemoiben, Kericho
18 Februari 1973

Jerusa mpenzi,

Barua yako niliisoma kwa sauti ofisini mpaka karani mkuu, Bwana Nyamwange, akauliza kama nimeajiriwa kusoma hadithi. Nikamwambia huyu aliyeandika tulikaa naye dawati moja, alikuwa ananinakili hesabu, na leo anaamrisha mashine. Hata yeye alitabasamu. (Najua ni mimi niliyekuwa nakunakili. Usinirekebishe mbele ya watu.)

Umeniuliza kama watajali. Jana nilishuka kwenye mizani nikawauliza wanawake kama wangependa kuitwa kwa nambari. Chepkosgei, yule mrefu, aliweka kikapu chini kwanza ndipo akanijibu. "Hata ng'ombe yangu ninaita na jina," akasema. "Nambari ni ya siku ya kwenda dipu, kuogeshwa dawa ya kupe." Wengine wakacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. Basi umepata jibu lako.

Mimi sijui mambo ya kumbukumbu ya mashine, ila kama shida ni wingi wa majina, nakupa pole, maana sisi Abagusii tumekuongezea mzigo. Mtu wetu akifariki tunamrudisha kwa kumpa jina lake mtoto anayezaliwa. Hapa shambani kuna akina Kemuma wanane, na wote ukifuatilia ni bibi wa mtu fulani. Akina Momanyi sijaribu hata kuwahesabu. Wakipsigis nao, kila mtoto wa kiume aliyezaliwa nje ya nyumba ni Kipsang. Bwana Nyamwange akihitaji Kemuma mmoja ofisini, wanakuja wote wanane wakiwa wameshaogopa.

Mvua ya mawe ilipiga upande wa chini juzi, chai imechanika kama sukumawiki iliyoliwa na kuku. Mama yako hajambo, bado anachuma. Anauliza kama hiyo mashine ina moto, na kama unakaa nayo mbali.

Usikubali nambari, Jerusa. Kama kuna mtu wa kulitengeneza jambo hili ni wewe, na hilo nalisema bila utani hata kidogo.

Mellen Nyambeki


Nairobi, 11 Machi 1973

Mellen,

Nikikuona nitakununulia gauni. Ulikuwa unalalamika, na mimi nikasimama katikati ya chumba na barua mkononi kama mtu aliyepigwa na butwaa. Kumbe nilikuwa naandika Kemuma mara nane!

Nimeyatupa masanduku yote. Sasa majina yanakaa kwenye mstari mmoja mrefu, yamebanana, moja linapoishia lingine linaanzia hapohapo, na pembeni nimeweka alama ndogo inayosema kila moja linaanzia wapi na lina herufi ngapi. Owino anachukua nafasi ya Owino tu. Halafu, hapa ndipo uliponisaidia, kila jina liko mara moja. Kemuma ameandikwa mahali pamoja, na wale wanawake wanane kila mmoja amepewa nambari ndogo ya mahali hapo. Mashine ikimfikia mmoja wao inaangalia mahali, inakwenda pale, inasoma jina, inachapa. Nambari zinabaki tumboni mwa mashine ambako hakuna anayeziona. Kwenye karatasi ni majina tu.

Hata nafasi ya mtu anayeacha kazi haipotei. Mkituletea taarifa kwamba fulani ameondoka, nalifuta jina lake, na mgeni akiajiriwa jina lake linaandikwa palepale.

Watu wote wa Chemoiben wameingia, Mellen. Bwana Lovell aliitazama karatasi ya kwanza kwa muda, akainua miwani, akaitazama tena. Amekubali tujaribu hadi mwisho wa Julai. Kukiwa na fujo yoyote tunarudi kwenye nambari. Nilitoka pale nikaenda chooni nikalia kidogo, halafu nikarudi kazini.

Jerusa


Chemoiben, 29 Aprili 1973

Jerusa wetu,

Karatasi zilifika na basi la Jumatatu zikiwa zimekunjana kama kodiani. Kipsang alizikunjua juu ya meza ya mizani, akasafisha koo kama mhubiri. Alianza kusoma, na kila jina lilikuwa mahali pake, limenyooka, hakuna wino uliovuja wala mwandiko wa Bwana Nyamwange ambao hata yeye mwenyewe hausomi. Chepkosgei aliposikia lake aliitika kwa sauti hadi vikapu vikatikisika. Kemuma wa kwanza akaitika, wa pili, mpaka wa nane. Watu walipiga makofi kana kwamba ni harusi.

Nikawaeleza aliyefanya hivi ni nani. Ilibidi niwaeleze mara nyingi kwa sababu walitaka kusikia tena. Mama yako aliishika ile karatasi, akaipindua nyuma, akaipapasa, akauliza wewe uliandika sehemu gani. Nikamwambia zote. Alirudi laini akitembea polepole ili kila mtu apate nafasi ya kumpongeza.

Nimejivunia wewe mpaka mume wangu Mogaka ameniomba nibadilishe mazungumzo.

Mellen


Nairobi, 13 Mei 1973

Mpendwa Mellen,

Nimepokea taarifa yako kwamba Kemuma binti wa Ogari ameolewa Kaplong na ameacha kazi. Mpe hongera ukimwona. Nimemtoa, na kijana mpya wa kupogoa, Kipkemboi, nimemwingiza. Ilichukua dakika chache tu. Bwana Lovell alisimama nyuma yangu akitazama, na kwa mara ya kwanza aliniita kwa jina langu badala ya "wewe binti".

Huko mambo ni shwari? Niandikie.

Jerusa


Chemoiben, 27 Mei 1973

Mpendwa Jerusa,

Mambo ni shwari kabisa. Karatasi zinafika, Kipsang anasoma, watu wanaitika. Wewe endelea na kazi yako nzuri, usiwe na wasiwasi wowote.

Ukipata mtu wa kuja upande huu, nitumie utepe wa taipureta. Wetu umeisha haraka. Mvua ni nyingi, ndiyo sababu naandika kwa ufupi.

Mellen


Nairobi, 10 Juni 1973

Mellen mpenzi,

Utepe nimempa dereva wa basi, umuulize kwa ukali.

Kaa chini kwanza. Bwana Lovell ameandika kwa mashamba mengine upande wa Sotik kwamba mtindo wangu wa majina umejaribiwa Chemoiben bila kosa hata moja. Bila kosa, Mellen, ameandika hivyo. Tarehe ishirini na tano anatia sahihi mkataba nao, na programu itakayotumika ni hii hii. Mimi ndiye nitakayeisimamia. Wanaume wawili waliokuwa wakinicheka sasa wananiuliza maswali.

Nakushukuru wewe. Bila maneno yako mazuri kila mara sijui kama ningevumilia.

Jerusa


Chemoiben, 14 Juni 1973

Jerusa,

Barua hii nimempa Mogaka mwenyewe apande nayo basi, ikufikie kabla ya hiyo tarehe. Isome ukiwa peke yako.

Nilikudanganya. Karatasi ya kwanza baada ya Kemuma wa Ogari kuolewa ilikuja na akina Kemuma wote saba waliobaki wakiwa wameandikwa Kipkemboi. Kipsang alisoma kilichoandikwa. Akaita Kipkemboi, yule kijana akaitika. Akaita Kipkemboi tena, akaitika tena, mpaka akaona haya na kunyamaza. Wanawake walicheka sana. Mimi pia nilicheka, na hilo ndilo linaloniuma.

Mmoja hakucheka. Ni yule Kemuma mjane, mwenye mapacha. Unajua hapa shambani mtu akiondolewa kazini chumba chake cha laini kinapewa aliyechukua nafasi yake. Aliposikia jina la kijana mgeni likisomwa mahali pa jina lake, alielewa kwamba amefukuzwa na kwamba hivyo ndivyo mashine inavyomwambia mtu. Hakuuliza. Asubuhi chumba kilikuwa kitupu, ameondoka na sufuria na watoto.

Nilimtafuta hadi nikampata Roret kwa dada yake, nyuma ya soko. Nikamwambia ni makosa tu. Akanijibu, "Jina yangu imepewa kijana. Sasa mimi nirudi nikiwa nani?" Nilikaa pale nikamenya viazi pamoja naye. Alikubali kurudi baada ya juma zima, na akifika mizani bado anaangalia chini.

Tangu hapo kila karatasi ikifika naichukua mimi kwanza, nafuta Kipkemboi hizo saba na kupiga Kemuma juu yake kwa taipureta. Ndiko utepe ulikokwenda. Nilihofia Bwana Lovell akisikia atawageuza watu wote kuwa nambari. Na nilihofia kukuvunja moyo, maana nilikuwa nimekusifu mbele ya kila mtu na sikutaka hata mmoja aseme kwamba umekosea. Lakini huko Sotik sitakuwepo na taipureta yangu.

Nisamehe ukiweza.

Mellen


Nairobi, 1 Julai 1973

Mellen,

Nilikasirika kwa siku mbili. Nilitaka kukuandikia maneno makali na bahati nzuri sikuwa na stempu. Ulinihurumia kama mtoto mdogo wakati nilihitaji kuambiwa. Ungeniambia siku ileile, yule mama angelala Roret usiku mmoja badala ya juma.

Basi, hilo nimelisema na limekwisha. Kosa ni langu na ni la kijinga. Watu wanane walikuwa wanatumia jina moja, mmoja akaondoka, nami nikalifuta jina lenyewe. Wale saba bado walikuwa wameelekezwa mahali palepale, na mahali palepale nikamwandika Kipkemboi. Mashine ilifanya nilichoiambia. Nilijisifu kwamba hakuna nafasi inayopotea, na nikawapoteza watu.

Nilikwenda kwa Bwana Lovell asubuhi moja kabla ya siku ya sahihi, nikamweleza yote, hata habari ya Roret. Alisema tu, "Basi ni nambari." Nikamwomba hadi Ijumaa.

Dawa yake naijua. Kila jina liwe na hesabu ndogo kando yake, ni wangapi wanalitumia. Akija mwingine inaongezeka, akitoka inapungua, na jina halifutwi mpaka ibaki sifuri. Lakini hesabu hiyo nayo inataka nafasi, na ndani hakukuwa na nafasi hata ya nukta. Nilipekua kumbukumbu yote kipande kwa kipande. Unajua nilikuta nini? Juu ya kila ukurasa mashine ilikuwa inachapa jina refu la kampuni, anwani, simu, kisha jina lote la Bwana Lovell na vyeo vyake na herufi za elimu yake. Tena kulikuwa na sentensi ndefu za adabu ambazo mashine huandika kadi ikikwama. Nikakata yote. Mashine sasa ikikwama inaandika "KADI" basi. Hesabu za majina zikaingia na nafasi kidogo ikabaki.

Ijumaa nikampelekea karatasi. Akaitazama juu, akaipindua, akatazama tena.

"Jina langu liko wapi?"

Nikamwambia limewapisha akina Kemuma.

Mellen, nikaanza kupanga kichwani vitu vyangu vya kubeba nyumbani. Halafu akachukua kalamu, akasahihisha nakala ya barua ya Sotik kwa mkono wake ili itumwe upya, akafuta "bila kosa" na kuandika "kosa limepatikana na kutengenezwa". Jaribio linaendelea.

Barua iliyo ndani ya hii ni ya yule mama. Msomee polepole, na umsomee Kigusii, maana Kiswahili changu ni cha ofisini.

Jerusa


Chemoiben, 22 Julai 1973

Jerusa mpenzi,

Barua yako nilimsomea Kemuma jikoni kwake. Alinitaka nirudie pale uliposema kosa ni lako wala si la mashine. Akasema hajawahi kusikia mtu wa ofisi akisema hivyo, akanipa maziwa lala nikupelekee. Nimeyanywa kwa niaba yako.

Wiki hii Momanyi mmoja aliacha kazi na Momanyi wengine wote walibaki Momanyi. Nilisimama kando ya mizani roho juu. Kemuma alipoitwa aliinua uso na kuitika. Bwana Nyamwange amepata habari kutoka kwa meneja kwamba majina yanabaki, sasa na siku zijazo. Nilikusifu zamani kwa mapenzi tu. Leo nakusifu kwa kuwa nimeona. Kwenda kwa mkubwa wako mwenyewe na kusema umekosea, mimi nisingeweza, na nimekuonyesha kwamba nisingeweza.

Kuna jingine. Mama yako mgongo umemchosha na ameamua kuacha kuchuma. Mwisho wa mwezi anakwenda kupumzika kwenu Nyakach. Taarifa yake utaipata kama za wengine. Nimeona nikuambie mimi, mapema, siku hii hii niliyojua.

Mellen


Nairobi, 12 Agosti 1973

Mellen,

Ahsante kwa kuniambia.

Kadi ya Mama ilifika Alhamisi. Katika shamba zima hakuna Akeyo mwingine ila yeye. Hesabu yake ilikuwa moja. Nilikaa na kadi hiyo mapajani muda mrefu, kwa sababu mtu pekee ambaye angejua kama nimeiacha ni mimi, na herufi tano hazingeiua mashine. Lakini nilimfikiria atakayekuja akakosa nafasi. Nikaiingiza. Akeyo akawa sifuri akatoka, na kufikia jioni mahali pake palikuwa na Chepyegon.

Programu ilifanya kazi sawasawa. Nilikwenda nyumbani nikashindwa kula.

Sikuweza kupata ruhusa ya kuja siku yake ya mwisho. Niambie ilikuwaje, na usinifiche kitu.

Jerusa


Chemoiben, 19 Agosti 1973

Jerusa,

Sifichi kitu tena.

Siku ile alichuma nusu siku tu, lakini alipanga foleni na wenzake kama kawaida, kikapu mgongoni. Kipsang akawa anasoma. Alipofika kwake akaita, "Akeyo." Mama yako alikuwa amesimama pale mbele, sisi sote tunamwona, na hakuitika. Kipsang akadhani hajasikia, akaita tena, "Akeyo." Chepkosgei akamgusa bega, "Mama Jerusa, unaitwa." Akautoa mkono wa Chepkosgei taratibu.

Nikamsogelea nikamuuliza kama anaumwa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Tangu nizae huyo mtoto mimi ni Mama Jerusa. Kwa nyumba, kwa kanisa, kwa duka. Jina yangu ninasikia hapa tu. Wacha aite."

Nikamtazama Kipsang, naye nadhani alielewa, kwa sababu aliweka karatasi chini na hakuhitaji kuisoma. Aliita mara ya tatu, kwa sauti iliyofika hadi kiwandani. Ndipo mama yako akaitika, akaweka kikapu kwenye mizani.

Mellen